Ndiyo ya Kunyamaza

Kila siku baada ya swala ya alasiri Haboba hutandika mkeka wake kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, nami huketi karibu na jiko la mkaa na kumsomea ukurasa mmoja. Haboba ni bibi yangu mzaa baba. Sisi Wanubi wa Arua ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Yeye husuka kawa za kufunikia chakula, mimi husoma. Kitabu huwa cha Kiingereza, mdomo wangu hukigeuza Kiswahili, na panapokuwa pagumu nachomeka Kinubi. Ukurasa mmoja tu. Akiona nafunua wa pili husema, "Bas, mwalimu. Kichwa changu si gunia."

Vitabu naviazima kazini. Tangu nimalize chuo nafanya kazi na rafiki yangu Driciru kwenye chumba kidogo cha kusomea huko Mvara. Vitabu vyetu huja kwa maboksi kutoka kwa watu wa mbali wasiovihitaji tena, na sijui kwa nini, karibu vyote ni vya ushauri: namna ya kuamua, namna ya kujenga tabia njema, namna jamii inavyowapoteza watu wenye akili zao. Riwaya ni za kutafuta kwa tochi. Driciru husema hadithi wanabaki nazo wenyewe, sisi wanatuletea mawaidha.

Alasiri hiyo tulikuwa kwenye kitabu cha maamuzi, chenye jalada la kijani. Nilikuwa nimefika pale mwandishi anaposema kwamba swali kubwa lisijibiwe siku linapoulizwa. Likikujia, anasema, nyamaza. Usitikise kichwa, usitabasamu kwa adabu, usiahidi. Nyamaza, ulale nalo, uamke nalo, mpaka lizoee kukaa nawe. Haboba aliupenda ukurasa ule. Nilimwona akiacha kusuka, ukili mwekundu ukining'inia kwenye vidole vyake.

Ndipo Ami Sulaiti akaingia bila kubisha hodi.

Ami ni mdogo wake marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, na saa kama zile huwa mjini kwenye mashine yake, penseli nyuma ya sikio. Siku hiyo penseli ilikuwepo, lakini alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa. Akavua viatu akaketi mkekani, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya goti lake.

"Sumayah," akasema. "Iko watu wametoka Koboko. Wamekuja dukani kwangu kwa heshima yao. Kijana wao ni Latifu, yule fundi wa sola, nasikia unamjua. Anakuposa. Na mimi kama baba yako nakuuliza, mbele ya Haboba. Unasema nini?"

Kidole changu kilikuwa bado katikati ya ukurasa. Swali kubwa lilikuwa limenijia dakika ileile niliyofundishwa la kufanya, na nakumbuka nilijivunia kidogo kwamba nimeelewa somo. Nikanyamaza.

Nikanyamaza vizuri sana. Sikutikisa kichwa, sikutabasamu.

Ami alisubiri. Kisha uso wake ukafunguka kama dirisha. "Alhamdulillahi," akasema. Haboba akapiga kigelegele, na jirani yetu ng'ambo ya ua, ambaye hakujua kuna nini, akakiitikia. Niliwatazama wote wawili bila kuelewa ni nini kimetokea. Nilipoelewa, Ami alikuwa ameshatoka, amekanyaga viatu vyake visigino, anawahi kuwapa wageni jibu.

Kwetu msichana akiulizwa habari ya ndoa hasemi. Akilia kwa sauti, hataki. Akicheka, anataka. Akinyamaza, anataka na ana haya, na hiyo ndiyo "ndiyo" inayosifiwa kuliko zote. Hili nalijua tangu utotoni. Lakini nililijua kama ninavyojua njia ya kwenda hospitali, kwamba ipo, na kwamba ni ya watu wengine. Alasiri ile kichwani mwangu hapakuwa na mila yoyote. Palikuwa na ukurasa tu.

Haboba alinishika shavu. Mikono yake ilikuwa na rangi ya ukili. "Binti wa watu," akasema, "hata pumzi hukutoa."

*

Latifu nilimjua kwa vitabu. Anatengeneza redio na taa za sola mjini Koboko, na akija Arua kununua vipuri hupita Mvara kuazima kitabu. Husoma polepole. Hukirudisha kikinuka moshi wa kulehemu, na hakuna hata kimoja alichowahi kukirudisha bila kukimaliza, wala bila neno la kugombana nacho.

"Hiki kinasema ukitaka kufanikiwa uamke saa kumi alfajiri," aliniambia mara moja. "Mama yangu anaamka saa kumi tangu nimjue. Mbona huyu mwandishi hajaja kumwuliza yeye?"

Siku nyingine alirudisha kitabu cha namna ya kuwakatalia watu bila kuona aibu. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe. "Huyu mutu hajawahi kuwa na shangazi," akasema. Nilicheka mpaka nikaenda kujificha nyuma ya rafu.

Mimi sikuwahi kumwambia zaidi ya "karibu" na "usikikalie sana, kuna wengine wanakisubiri." Hakuna mwingine aliyekuwa anakisubiri. Je, nilimpenda? Sikuwa nimejiuliza. Nilijua tu kwamba akichelewa kuja, niliendelea kupanga rafu iliyo karibu na mlango ingawa ilikuwa imeshapangwa.

Asubuhi iliyofuata posa ile nilimweleza Driciru. Aliweka chini boksi alilokuwa amebeba.

"Ngoja. Kwa hiyo umeposwa na umekubali."

"Sikukubali. Nilikuwa nafikiri."

"Mbele ya ami yako, ukafikiri kwa kunyamaza?" Akajishika kiuno. "Dada, ninyi Wanubi mkinyamaza ni arusi. Sisi Walugbara tukinyamaza ujue kuna mtu tumemkasirikia na hatujaamua tumfanye nini."

"Driciru, usinicheke."

"Sikucheki. Nakuuliza. Unamtaka au humtaka?"

"Sijui."

"Sijui ya ndiyo au sijui ya hapana?"

"Sijui ya sijui."

Alinitazama kwa huruma, ile huruma inayokaribia kucheka. "Basi una bahati," akasema, akinionyesha rafu kwa kidevu. "Ukuta mzima wa watu wanaojua."

Nikasoma. Sijawahi kusoma kama nilivyosoma wiki ile. Kitabu kimoja kilisema hisia ya kwanza ndiyo ya kweli, kwa maana mwili hujua kabla ya akili. Nikajaribu kukumbuka hisia yangu ya kwanza Ami aliponiuliza, nikakumbuka kwamba ilikuwa fahari ya kutii kitabu. Kingine kilisema hisia ya kwanza ni mwongo mkubwa, isikilizwe ya tatu. Sikuweza kutofautisha ya pili na ya tatu. Cha tatu kilinitaka nifumbe macho, nijione nikiwa mzee wa miaka themanini, kisha nimwulize yule bibi anajutia nini. Nikafumba. Nikamwona Haboba, kwa sababu ndiye mzee ninayemjua, ameketi mkekani, na nilipomwuliza anajutia nini akaniambia nipunguze moto wa jiko.

Kuna kilichosema urushe sarafu, na ikiwa bado hewani moyo utakuambia unaomba upande gani. Nilirusha jikoni. Haboba alikuwa anachemsha rangi nyekundu kwa ajili ya kawa za arusi yangu, sarafu ikagonga ukingo wa sufuria ikazama. Nilipoiopoa kwa mwiko ilikuwa imeshika rangi pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimesahau upande upi niliuita wa Latifu.

Swali lililonisumbua zaidi halikuwa ndani ya kitabu chochote. Niliamka nalo na nikalala nalo. Kama ile ilikuwa ndiyo, mbona mimi mwenyewe sikuijua? Na kama haikuwa ndiyo, mbona niliposikia kigelegele cha Haboba sikusema, "Ngojeni"? Labda mila inajua msichana mwenye haya kuliko anavyojijua. Labda walisoma vizuri, mimi ndiye nisiyejua kusoma.

Nilijaribu kumwambia Ami. Nilikwenda dukani kwake kabla ya kazi. Alikuwa anakata kitambaa cheupe, amekiinamia kama mtu anayeswali.

"Ami."

"Sema, mwanangu."

"Hicho ni cha nani?"

"Changu. Arusi ya mtoto wa kaka yangu nitavaa kanzu iliyokwisha kola?" Akaunyoosha mgongo, akanitazama, na macho yake yakalowa. "Sumayah, nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasema, huyu msichana amesoma, atanijibu maneno ya shuleni, nitafanya nini? Lakini ulinyamaza. Nilijua basi kwamba nimekulea."

Nikamwambia kwamba kitambaa ni kizuri.

Nyumbani nilijaribu kwa upande wa Haboba. "Haboba, siku ile Ami alipokuja, mimi nilinyamaza kwa sababu ya kitabu."

"Ndiyo," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Nilikisikia. Kilisema ukiulizwa neno kubwa unyamaze. Na wewe ukanyamaza. Nilifurahi sana. Nilikuwa nadhani hao wanaoandika Kiingereza hawana adabu, kumbe mila wanazijua."

Ningeanzia wapi? Kitabu kile na Haboba walikuwa wametumia neno lile lile, na mimi ndiye niliyewasomea.

Ilikuwepo sura moja katika kitabu cha mambo ya jamii iliyonitia hofu. Ilisema kundi la watu laweza kwenda mahali ambapo hata mmoja wao hataki kwenda, maadamu kila mmoja anadhani wenzake wanataka. Hakuna anayedanganya, na hakuna anayesema. Nilipoisoma niliona gari limejaa watu wangu, wamevaa nguo mpya, na mimi katikati, tunakwenda Koboko. Nikajiuliza kama Latifu naye yumo ndani ya gari hilo.

*

"Kamwulize mwenyewe," Driciru akasema. "Tuna maboksi mawili ya kupeleka kwa walimu wa Koboko. Mpango ni wa mwezi ujao, lakini maboksi hayajui tarehe."

Tukapanda gari la abiria. Tulipopita Manibe, watu walikuwa wameanika mihogo ukingoni mwa lami, na Driciru alikuwa ananifundisha kusema.

"Sema: Latifu, sikukubali na sikukataa, nipe muda."

"Latifu, sikukubali na sikukataa, nipe muda."

"Unaliambia goti lako. Mwambie yeye."

"Latifu, nipe muda."

Dereva akageuka. "Dada, huyo Latifu amekunyima nini? Ni mutu mubaya?"

"Si mbaya," nikasema haraka, na ile haraka yangu ikanishangaza. Driciru alinitazama, akageukia dirishani akitabasamu.

Tulipofika alienda na maboksi kwa walimu akaniacha mlangoni mwa kibanda cha Latifu. Paneli za sola zilikuwa zimeegemezwa nje zikila jua, na pembeni palikuwa na dada yake, Shakira, mwenye meza ya chapati na birika la chai. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni, si kwa ubaya.

"Wewe iko ya Arua," akasema. "Yule ya kunyamaza."

Nikalitazama birika.

"Ee, ni yeye," akasema Shakira, akinimiminia chai. "Kunywa. Hata mimi nilinyamaza siku yangu. Nilikuwa naogopa baba. Wakasema, mutoto iko na haya, amekubali. Nikapelekwa Kuluba kwa mutu sijui hata sauti yake. Sasa niko hapa, nauza chapati."

"Shakira," Latifu akaita toka ndani. "Mwache mgeni apumue."

Alitoka akifuta mikono. Alikuwa amekonda kidogo, au labda sikuwahi kumtazama vizuri. Aliniwekea kiti nje, mahali ambapo kila mpita njia alituona, naye akaketi kwenye boksi la betri, mbali kiasi cha heshima.

"Wazee wangu walirudi wakasema umekubali," akasema. "Nilifurahi. Nilifurahi mpaka usiku. Halafu nikawauliza, alisema kwa maneno gani? Wakacheka. Wakasema, hakusema, alinyamaza, ndiyo safi hiyo." Akatazama upande wa Shakira, akashusha sauti. "Nyumba yetu ilishapokea ndiyo kama hiyo. Mimi nilikuwepo. Nilikula pilau ya siku ile. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe, Sumayah, na unisamehe kama ni kukosa adabu. Unanitaka?"

Nilikuwa nayo sentensi. Nilikuwa nimeibeba toka Manibe. Nipe muda. Maneno mawili. Yalifika kooni yakakaa pale, na nyuma yake nikahisi kuna maneno mengine yanayasukuma, ambayo sikuwa nimeyafanyia mazoezi na sikujua ni yapi, na yote yakakwama mlangoni kwa pamoja.

"Nakuambia mapema," akasema Latifu. "Kwa wazee kunyamaza ni ndiyo. Hapa kwangu ni hapana. Sitaki kubahatisha mtu."

Mwanamke mmoja alikuja na redio yake kwapani, anataka kujua kama itapona. Latifu akamjibu kwa upole, akaipokea, akamwambia arudi jioni. Mimi nilikuwa nimekishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwona Shakira ameacha kukanda, ananitazama mdomoni kama mtu anayetazama chungu kinachokaribia kuchemka. Yule mwanamke akaondoka. Nikavuta pumzi. Hakikutoka kitu.

"Haya," Latifu akasema mwishowe. Aliingia ndani akarudi na kitabu, kile cha kujenga tabia, alichokuwa amekiazima mara ya mwisho. "Hakuna ubaya. Kweli, hakuna ubaya kabisa. Nitawaambia wazee wangu waseme na wazee wako, taratibu, usilaumiwe wewe."

Nikakipokea. Nikasema, "Asante," na hilo ndilo neno pekee nililomwambia Latifu siku ile.

Ndani ya gari Driciru alinikuta nimekifungua magotini. Katikati palikuwa na kipande cha waya mwembamba wa shaba, alama aliyoiweka Latifu pale alipokuwa amefika. Alikuwa nusu ya kitabu.

"Umemwambia?"

"Hajakimaliza," nikasema.

"Nini?"

"Kitabu. Hajawahi kurudisha ambacho hajakimaliza."

Driciru alinivuta kichwa akakilaza begani mwake. Tulirudi Arua hivyo, na wala sikujua ninachokililia. Nilikuwa nimepewa nilichokitaka. Arusi haipo. Sasa ninao muda wote duniani wa kufikiri, na kitu pekee nilichokifikiri ni kwamba sitajua kamwe alikuwa anagombana na ukurasa upi.

*

Nyumbani sikusema. Niliona nianze kesho, na kesho ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala ya Ijumaa Ami alikuja kula kwetu kama kawaida, na Haboba alikuwa amepanga kawa mpya ukutani, nyekundu na za zambarau, ili azione. Tulikuwa tumeshanawa mikono simu ilipolia. Ami husikia vibaya simu ikiwa sikioni, kwa hiyo huweka sauti ya nje, na huishika simu mbele ya uso kama kioo.

"Asalaam aleikum, Mzee Umaru," akasema. Huyo ni mkubwa wa ukoo wa akina Latifu, ndiye aliyeongoza ile posa.

"Waaleikum salaam, Sulaiti. Nyumba iko salama?"

"Salama kabisa. Huko?"

"Salama. Iko neno kidogo tu. Kijana anasema tuache."

"Tuache nini?"

"Hii maneno ya arusi. Anasema musichana amekataa."

Ami alicheka. "Musichana gani?"

"Wa kwako."

"Wa kwangu amekubali. Mimi mwenyewe nilimwuliza. Mama yangu alikuwepo, anakaa hapa, anakusikia."

"Mimi namsikia!" Haboba akapaza sauti.

"Sawa, mama, shikamoo. Lakini kijana alimwuliza tena, jana, hapa Koboko."

Ami alinitazama. Haboba akanitazama. Mchele ulikuwa unapoa. "Nilikwenda kwa kazi," nikanong'ona. "Na Driciru."

Ami akairudia simu, sauti yake sasa imekonda. "Na alikataa kwa maneno gani?"

"Hapana maneno. Alinyamaza."

"Alinyamaza!" Ami akapiga paja la mguu wake mzima. "Basi si amekubali mara ya pili!"

"Wewe Sulaiti, sikia. Musichana akiulizwa na wewe akinyamaza, hiyo ni haya. Akiulizwa na kijana mwenyewe akinyamaza, hiyo ni kukataa."

"Nani alisema? Kunyamaza ni kunyamaza."

"Haya. Kama kunyamaza ni kunyamaza tu, wewe kwa nini ulituambia ni ndiyo?"

Nyuma ya Mzee Umaru nilisikia pikipiki ikipita, na mtu anapiga nyundo juu ya bati, na nikajua wamekaa mbele ya kile kibanda. Nikajua Latifu yupo pale pale, anajifanya anatengeneza kitu.

Ami aliishusha simu polepole juu ya mkeka, bila kuikata. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo. Alikuwa ameduwaa kama mtu aliyeshona kanzu nzima na kuikuta haina mahali pa kutokea mkono.

"Sumayah," akasema. "Ulinyamaza, au ulinyamaza?"

Na mimi nilielewa swali lake barabara, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa maana sasa nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu ule waya wa shaba, pengine tangu "si mbaya" niliyomwambia dereva. Kama lingekuwa hapana, lingekuwa rahisi. Hapana ina njia yake kwetu: unalia, watu wanakuelewa, hakuna neno unalolazimika kulitoa mdomoni. Ndiyo haina njia. Ndiyo ya msichana mwenye adabu ni kunyamaza, na mimi kunyamaza kwangu kulikuwa kumeharibika. Nilikuwa nimekutumia kunyamaza huko mara mbili kwa vitu viwili tofauti, na sasa hakukuwa na yeyote, Arua wala Koboko, ambaye angekukubali tena. Kilichobaki ni kusema. Mbele ya ami yangu, na mbele ya mzee wa watu. Msichana anasema kwa sauti kwamba anamtaka mwanamume. Sijawahi kusikia aliyefanya hivyo isipokuwa katika umbea.

Haboba aliona nilivyokuwa. Akasogea kwa makalio mpaka akanifikia. "Usiseme kama ni ngumu," akaniambia kwa Kinubi, taratibu. "Lia tu. Au cheka. Tutaelewa."

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, nikajaribu. Nikaanza kucheka, kwa sababu nilitaka kucheka, na machozi yakaanza kutoka yenyewe, kwa sababu ya yule ami wangu na kanzu yake mpya, na nikawa ninacheka na kulia kwa pamoja, kwa sauti, pua inachuruzika, na siwezi kuacha hata kimoja.

Ami alimtazama Haboba. Haboba alinitazama mimi.

"Hii sasa ni nini?" Ami akauliza.

"Sijui," Haboba akakiri. "Hii sijawahi kuiona."

"Halo?" simu ikasema toka mkekani. "Sulaiti? Nani anakufa huko?"

Nikafuta uso kwa ncha ya mtandio. Vitabu vyote nilivyovisoma vilipita kichwani kwa pamoja, kila kimoja kimeinua mkono kama mwanafunzi, na sikumchagua hata mmoja. Nikaiokota simu. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga, ile sauti ya kumwambia mtu aliye mbali, nami sikuishusha.

"Ni mimi, Mzee Umaru. Sumayah. Shikamoo. Siku ile hapa nyumbani sikukubali, nilikuwa nafikiri. Na huko Koboko sikukataa, niliogopa. Leo ndiyo nasema. Ami, nisamehe, Haboba, nisamehe. Namtaka Latifu. Mwambieni aje achukue kitabu chake, hajakimaliza."